Usiguse Kitu, Tulia Kwanza: Historia ya Fundi wa Kompyuta na Tapeli Aliyevaa Nguo Zake

Kila ofisi inamjua huyu kijana. Jina lake wengi hawalijui, wanamwita tu "fundi" au "yule kijana wa kompyuta". Akiingia mlangoni asubuhi tayari kuna watu wanne wanamsubiri: printa imegoma, mtandao hausomi, kioo kimekuwa cha bluu, na bosi amesahau neno la siri kwa mara ya tatu mwezi huu. Kabla hata hajashika mausi, anasema yale yale ya siku zote: "Usiguse kitu. Tulia kwanza."

Watu wanacheka, wanaona ni mbwembwe za fundi. Lakini ukiifuatilia historia ya kompyuta, na historia ya wale waliolizwa kupitia kompyuta, unaona kwamba maneno hayo si mbwembwe hata kidogo. Tapeli naye ana msemo wake, na ni kinyume kabisa cha huo. Yeye anasema: "Fanya haraka."

HOFU ILIKUJA NA MASHINE

Kwa Tanzania, kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikuchukua muda mrefu mambo yakaharibika. Mpango wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikwama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kuondolewa baadaye, lakini fikiria: kizazi kizima kilikua kikijua kompyuta kama kitu kilichowahi kuishinda hata serikali.

Ziliporudi, zilirudi kama wageni wa heshima. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kiyoyozi hata kama ofisi ya mkuu haina. Unavua viatu mlangoni. Mashine inafunikwa kitambaa kama mkate. Wanafunzi ishirini wanazunguka kompyuta moja, na anayeruhusiwa kubonyeza ni mwalimu peke yake, tena kwa kidole kimoja. Mtu akikosea anatolewa nje kwa kelele: "Utaiua!"

Hapo ndipo fundi alipopata cheo chake. Kitu kinachoogopwa lazima kiwe na mganga wake. Na penye mganga wa kweli, yule wa uongo hakai mbali.

TAPELI ALIKUWEPO KABLA YA UMEME

Wengi wanadhani utapeli wa mtandaoni ulizaliwa na intaneti. Hapana. Mwaka 1828 huko Ufaransa, mwizi mmoja wa zamani aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris alichapisha kumbukumbu zake, na humo akaeleza mchezo uliokuwa ukichezwa na wafungwa. Wanamwandikia tajiri barua, eti mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia nchi amezika sanduku la mali, sasa yuko kifungoni, anahitaji hela kidogo tu ili mali ifukuliwe na wagawane. Kwa maelezo yake, katika barua 100 za namna hiyo, 20 zilijibiwa.

Baadaye mchezo huo ukajulikana kama wa "mfungwa wa Hispania". Miaka ya 1980 ukaibuka upya Nigeria kwa barua za posta na faksi, ukapewa jina la 419 kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Barua pepe ilipoingia miaka ya 1990, tapeli hakubadilisha hadithi. Alichobadilisha ni gharama. Zamani kila barua ilihitaji stempu. Sasa anatuma 10,000 kwa mbofyo mmoja, na hahitaji 20 katika kila 100. Akipata mmoja tu, siku imeenda vizuri.

KIRUSI CHENYE NAMBA YA SIMU

Mwaka 1986 ndugu wawili waliokuwa na duka la kompyuta Lahore, Pakistan, walitengeneza kirusi kinachotajwa kuwa cha kwanza kusambaa kwenye kompyuta ndogo zile za IBM. Walisema walitaka kulinda programu yao isinakiliwe bure. Ajabu ni kwamba ndani ya kirusi chenyewe waliandika anwani ya duka na namba za simu, na ujumbe kwamba aliyeambukizwa awasiliane nao apate chanjo. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, anayesababisha ugonjwa na anayeuza dawa walikuwa kwenye duka moja. Hilo tulishike, tutalirudia.

DISKETI 20,000

Sasa njoo Desemba 1989. Watu wapatao 20,000 katika nchi mbalimbali, wakiwemo wasomaji wa gazeti la kompyuta na waliohudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu Ukimwi, walipokea bahasha kwa posta kutoka London. Ndani kulikuwa na disketi yenye programu ya maswali ya kumsaidia mtu kujua yuko kwenye hatari kiasi gani ya kupata Ukimwi. Miaka ile hofu ya ugonjwa huo ilikuwa kubwa mno. Watu wakaiweka kwenye mashine zao.

Programu ilifanya kazi kama ilivyoahidi. Lakini kimya kimya ilikuwa inahesabu mara ngapi kompyuta imewashwa. Ikifika kama mara 90, majina ya mafaili yanavurugwa, folda zinafichwa, na mtumiaji anaambiwa awashe printa. Printa inatoa ankara: tuma dola 189 kwenye sanduku la posta Panama. Hii ndiyo inayohesabiwa kuwa programu ya kwanza ya kuteka kompyuta na kudai kikombozi.

Aliyeshtakiwa kwa kazi hiyo hakuwa kijana mhuni wa mtaani. Alikuwa mwanabiolojia Mmarekani, msomi, aliyewahi kuchunguza nyani Afrika Mashariki. Muda mfupi baada ya disketi kusambaa alikuwa anarudi kutoka kwenye semina ya Ukimwi jijini Nairobi, na alipofika uwanja wa ndege wa Amsterdam mwenendo wake ukawashtua polisi. Baadaye alikamatwa kwao Marekani, akapelekwa Uingereza, na huko jaji akaona hali ya akili yake haimruhusu kusimama kizimbani.

Lakini funzo kubwa halipo kwa mtu huyo, lipo kwa waliopokea disketi. Wataalamu walipoifungua ile programu, waligundua kwamba yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa. Yaliyovurugwa ni majina tu, na ufunguo wake ulikuwa rahisi kuupata. Haikupita muda ikatoka programu ya kuponya, ikagawiwa bure. Waliotulia walirudishiwa kila kitu bila kulipa hata senti. Ila wapo waliopaniki. Iliripotiwa kuwa taasisi moja ya Italia iliyokuwa ikitafiti Ukimwi ilifuta mashine zake kwa woga, ikapoteza kazi ya miaka 10.

Hebu isome tena hiyo. Programu haikuifuta kazi ile. Hofu ndiyo iliyoifuta.

BARUA YA MAPENZI

Tarehe 4 Mei 2000, watu duniani walifungua barua pepe zao asubuhi wakakuta mtu wanayemfahamu, pengine mfanyakazi mwenzao, kawaandikia kwamba anawapenda. Kuna barua imeambatanishwa. Nani asingefungua? Kirusi hicho kilichotokea Manila, Ufilipino, kilijituma chenyewe kwa kila anwani iliyomo kwenye kitabu cha mtumiaji, na ndani ya siku chache kikagusa mamilioni ya kompyuta. Kijana aliyehusishwa nacho hakufungwa, kwa sababu wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria inayokataza jambo hilo.

Ujanja wake ulikuwa mdogo tu. Faili liliandikwa kama maandishi ya kawaida, TXT, lakini mwishoni lilikuwa na herufi tatu zaidi, vbs, maana yake ni programu. Windows ilikuwa inazificha herufi za mwisho ili mambo yaonekane nadhifu. Mpaka leo mafundi wengi wakipewa kompyuta mpya, jambo la kwanza ni kuiamuru ionyeshe majina kamili ya mafaili. Ankara inayoishia na "exe" si ankara, hata kama ina picha ya PDF.

ZAMA ZA FLASHI

Kwetu Afrika Mashariki virusi havikusubiri intaneti. Kabla ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, mtandao ulikuwa wa kusuasua na wa bei mbaya. Virusi vilisafiri mfukoni, ndani ya flashi. Unaenda steshenari kuchapa ripoti ya fildi, unachomeka flashi yako kwenye mashine ambayo imeshapokea flashi za chuo kizima, ukirudi nyumbani folda zote zimegeuka vinjia vya mkato vyenye kamshale kadogo. Ukibofya, hakuna kitu.

Vilio vilivyotokea hapo vilikuwa vya kweli. Mwanafunzi anaona kazi ya mwaka mzima imepotea, rafiki anamwambia "iformati tu, itakuwa sawa", naye anaiformati. Flashi inakuwa sawa kweli, ripoti ndiyo haipo tena. Yaani yale yale ya Italia, mara hii chumba cha bweni.

Fundi aliyetulia alijua siri yake. Mara nyingi kile kirusi hakikufuta mafaili, kilikuwa kimeyaficha. Dawa ni kutobofya chochote, kuisafisha flashi kwanza kwa programu ya kuua virusi kwenye mashine salama, halafu kufungua dirisha jeusi la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* (F ikiwa ndiyo herufi ya flashi). Dakika mbili, ripoti hiyo hapo. Mwaka 2011 Microsoft ilizima kwa Windows za zamani ile tabia ya flashi kujifungua yenyewe, na mlango mmoja mkubwa wa virusi hivyo ukazibwa.

ZIMA, WASHA

Zama hizo hizo ndizo zilizoleta msemo wa "kupiga window". Kompyuta nzito? Piga window. Haitoi sauti? Piga window. Fundi anafuta mfumo wote na kuweka mpya, na wakati mwingine picha za harusi zinaondoka na mfumo. Fundi mzuri alijulikana kwa kufika huko mwisho, siyo mwanzo.

Mwanzo wake ni mambo madogo. Waya umekaa vizuri? Herufi kubwa zimefungwa kwenye kibodi, ndiyo maana neno la siri linakataliwa? Kisha ile dawa inayochekwa kila siku: zima, washa. Inafanya kazi kwa sababu programu zilizokwama na kumbukumbu iliyojaa taka vinaondoka, mashine inaanza upya na kichwa chepesi. Ila kuna kitu wengi hawajui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima kwa njia ya kawaida, mara nyingi sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski ili kompyuta iwake haraka. Kwa hiyo unaweza ukazima, ukawasha, na tatizo lipo pale pale limekusubiri. Unatakiwa uchague neno Restart lenyewe.

Halafu kuna ule ugonjwa wa mashine ya zamani. Kila tovuti inakataa kufunguka, inasema si salama, mwenye mashine anaamini kavamiwa. Fundi anatazama chini pembeni: saa inasoma mwaka 2009. Kibetri cha duara kwenye ubao wa mashine kimekufa, tarehe imerudi nyuma, na kivinjari hukagua tarehe kabla ya kufungua tovuti. Betri ya CR2032, kitu cha bei ndogo sana. Mtu asiyejua angeweza kuuziwa mashine nzima.

TAPELI ANAVAA NGUO ZA FUNDI

Na hapo ndipo tunarudi kwenye lile duka la Lahore. Kuanzia kama mwaka 2008, watu wa Uingereza, Marekani na Australia walianza kupigiwa simu nyumbani. "Tunapiga kutoka Microsoft. Kompyuta yako inatuma virusi." Mpigaji anamwelekeza mzee wa watu afungue sehemu ambayo Windows huandika matukio yake, na kweli, inaonekana orodha ndefu yenye alama nyekundu na njano. Mzee anatetemeka. Asichojua ni kwamba kila kompyuta nzima duniani ina alama hizo, ni kumbukumbu za kawaida tu. Kisha anaambiwa aweke programu ya kuruhusu "fundi" aishike mashine kutoka mbali, na alipie matengenezo. Oktoba 2012 mamlaka ya biashara ya Marekani ilitangaza kuzifungulia mashtaka kampuni kadhaa za mchezo huo, nyingi zikipiga simu kutoka India. Haukuisha. Uligeuka kuwa ukurasa unaojaza kioo kizima, unapiga king'ora, unasema "usizime kompyuta", na chini kuna namba ya simu. Dawa yake? Funga ukurasa, ukigoma zima mashine. Kilichoandikwa "usizime" ndicho cha kuzima.

Kwetu mchezo uliingia kwenye simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na hela ilipohamia kwenye simu, tapeli naye akahamia huko. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kila mtu anaicheka hiyo meseji mpaka siku inayomkuta ana kodi ya nyumba mkononi na mwenye nyumba kasema atatuma namba. Hesabu yake ni ile ile ya barua za Paris: tuma kwa wengi, kati yao hakosi mmoja aliyekuwa anasubiri namba.

Kisha akaja aliyejifunza adabu. "Shikamoo mama, napiga kutoka huduma kwa wateja. Laini yako inafungwa leo, nikusaidie?" Sauti ya upole, Kiswahili safi, na nyuma yake kelele kama za ofisini. Anaomba namba za siri, au anakupa msimbo wa kubonyeza. Ukiona msimbo unaanza na *21* au **21*, huo unahamisha simu zako ziende kwa mtu mwingine. ##002# ndiyo ya kufuta uhamisho huo. Mwingine anatuma meseji ya muamala wa uongo, anapiga analia kwamba amekosea namba. Kabla ya kurudisha, salio linaangaliwa kwenye menyu yenyewe, siyo kwenye meseji.

Serikali hazikukaa kimya. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikafuata na yake mwaka 2018. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Meseji ya kitapeli na namba iliyoituma vinapelekwa 15040, na *106# inamwonyesha mtu laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengi wanaopiga msimbo huo kwa mara ya kwanza hushangaa.

FUNDI NA TAPELI UTAWATOFAUTISHAJE?

Wote wawili wanaanza na sentensi moja: "Kompyuta yako ina tatizo." Tofauti inakuja kwenye sentensi ya pili. Tapeli anaongeza hofu, anaweka saa, anakutenga na watu: usimwambie mtu, usikate simu, ni leo tu. Fundi anapunguza hofu, anaonyesha kilichoharibika, na hajali ukienda kuuliza kwa mwingine. Kwa kipimo hicho, hata yule wa dukani anayesema "bodi imekufa" kabla hajafungua skrubu moja, naye anajulikana yuko upande gani.

Lipo jambo moja tu ambalo fundi hakuambii usubiri: masasisho, na nakala ya kazi zako. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows. Mei 12 mwaka huo huo programu ya kudai kikombozi ilipita kwenye tundu hilo ikasimamisha hata hospitali za Uingereza. Wengi walioumia walikuwa na miezi miwili ya kubonyeza kitufe kimoja.

Silaha ya mwisho ya tapeli ni aibu. Mtu aliyelizwa ada ya mtoto hasemi, anaogopa kuitwa mjinga, kwa hiyo jirani yake naye analizwa wiki inayofuata kwa maneno yale yale. Lakini waliotapeliwa katika historia hii yote ni watafiti, maofisa, matajiri na wazee wenye akili zao timamu. Hawakuwa wajinga. Waliharakishwa.

Ndiyo maana ushindi wa fundi hauonekani. Hakuna gazeti linaloandika kuhusu mama mwenye duka aliyepigiwa simu saa saba mchana, akasikiliza ile sauti ya upole, akakata, akampigia yule kijana wa kompyuta. Kijana akapokea, na kabla hajafungua mdomo mama akamwahi:

"Fundi, kuna watu wamenipigia. Sijagusa kitu."